Kalibu ya Bunduki Mbili

Idella Kvamme amekuwa mpishi wa shule yetu ya Alder Fork kwa miaka ishirini na sita. Mimi naendesha basi la shule, na kila asubuhi nikishashusha watoto hupitia jikoni kwa mlango wa nyuma, hivyo namjua vizuri kuliko wengi. Ni mwanamke mfupi, mpana mabegani, mwenye sauti ya kuita watoto mia wakasikia wote. Ukimletea sahani ya keki, sahani itarudi kwako kesho yake imejaa kitu kingine. Ukimsaidia kusukuma gari lililokwama kwenye theluji, jioni utakuta sufuria ya supu mlangoni kwako. Tulikuwa tukisema kwa utani kwamba Idella hapokei hata salamu moja bila kurudisha mbili.

Machi ya mwaka juzi mumewe, Norris, alipata kiharusi akiwa uani anapasua kuni. Norris alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao maisha yake yote, jitu la mtu, mpole, na hata kabla ya hapo maneno hakuwa nayo mengi. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, kikamfanya aburute mguu, kisha kikamvuruga maneno kichwani. Akili ilibaki timamu. Ungemtazama machoni ungeona yumo ndani, mzima kabisa. Lakini neno alilolitaka halikuja, lilikuja jingine. Akitaka dirisha lifungwe, husema kijiko kifungwe. Akitaka koti, huomba ngazi.

Mji mzima ulibeba vyakula kwenda kwa akina Kvamme. Kufika Agosti Idella alikuwa amesharudisha kila chombo, na hakuna hata kimoja kilichorudi kitupu.

Ilipofika Septemba akafungua friza lao, akakuta mifuko miwili ya nyama na barafu tupu. Huku kwetu friza halijazwi dukani. Linajazwa mlimani, Oktoba na Novemba, kwa wale kulungu wetu wakubwa kama farasi. Kwa miaka kumi iliyopita Norris ndiye aliyepanda mlimani na Idella ndiye aliyekata nyama. Lakini Idella alikuwa amewinda tangu usichana, na bunduki ya marehemu baba yake ilikuwa bado kabatini, nyepesi, kitako chake kimekatwa kifupi kumfaa yeye.

"Si utumie ya Norris tu?" nilimwuliza. "Iko tayari, na ina darubini nzuri kuliko hiyo yako."

Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. "Mwenyewe yu hai. Nikiichukua ile, itakuwa kama nimeanza kugawa vitu vyake."

Nikachukua kisu cha pili, nikamenya naye.

Bunduki zote mbili zilikuwa za saizi moja, ile ya thelathini sifuri sita, ya kawaida kabisa. Ila mwaka ule risasi zake ziliadimika. Rafu za maduka yote mpaka mji wa wilaya zilikuwa tupu. Hilo halikumtisha Idella, kwa sababu kwenye chumba cha chini cha nyumba yao Norris alikuwa na meza yake ya kutengenezea risasi, miaka thelathini ya kazi: baruti, fataki za kuiwasha, vichwa vya risasi, na maganda matupu zaidi ya mia nne, yamesuguliwa yakang'aa kama vijiko vya harusi. Pale mezani ilikuwa imefungwa mashine ya mkono yenye mpini mrefu, na juu ya mashine imeskrubiwa kalibu. Ganda la risasi likishapigwa hutanuka, kwa hiyo kabla hujalitia baruti upya lazima ulisukume ndani ya kalibu, chuma kilibane, lirudie umbo lake. Kazi ndiyo hiyo, na ndipo mpini unapotaka nguvu.

Norris hakuweza tena kuuvuta. Akakaa kwenye kiti pembeni, Idella akavuta. Alifuata daftari la mumewe mstari kwa mstari, akapima baruti kama anavyopima hamira, mara mbili kila kipimo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Norris alipookota ganda moja, akalitazama, akaanza kuhangaika.

"Mkate," alisema.

"Una njaa?"

Akatikisa kichwa. "Mkate. Mkate mnene!" Akaligusa ganda katikati, pale kwenye kiwiliwili chake, akaligusa tena.

"Tumbo? Tumbo linakuuma, mzee?"

Norris akafumba macho. Idella akapanda ngazi, akarudi na kipande cha mkate kilichopakwa siagi na jamu. Norris akakitazama kile kipande kama mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jirani yake. Kisha akakila, kwa sababu kukikataa kulihitaji maneno.

Idella alitengeneza risasi ishirini. Akachukua mbili kwenda kuzijaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Zikaingia kwenye bunduki ya baba yake bila taabu, zikapiga karatasi pale alipolenga. Akaridhika. Hakujua kwamba mbili alizookota zilikuwa za maganda mapya, yaliyopigwa mara moja tu, na kumi na nane zilizobaki zilitoka kwenye kopo la maganda yaliyopigwa mara nne, tano, yote ndani ya bunduki ya Norris.

Jumamosi ya kwanza ya msimu nilikwenda kukaa na Norris, tucheze karata, Idella apande mlimani. Alirudi saa saba mchana. Mapema mno. Akaingia na fulana yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa, akaiegemeza bunduki tupu ukutani, akakaa kwenye ngazi ya jikoni bila kuvua buti.

"Walikuwa saba," alisema. "Majike saba, kwenye uwazi ule wa juu ya kijito, hatua mia na ishirini. Kibali ninacho, upepo unanijia usoni. Baba alinifundisha kutembea bunduki ikiwa tupu, kwa hiyo nikapiga goti, nikasukuma risasi. Komeo la bunduki likakataa kufunga."

"Likakataaje?"

"Likakataa! Limebakiza upana wa kidole, halishuki. Nikalisukuma kwa kiganja. Nikalitoa, nikatia risasi nyingine. Vilevile. Ya tatu ikakwama kabisa, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Jike mkubwa akainua kichwa akanitazama. Ananitazama tu, kama vile mimi ndiye kioja. Halafu wakaondoka. Hata hawakukimbia. Walitembea!"

Akanitazama, kisha akamtazama mumewe. "Nilipika vibaya, Norris. Sijui nilikosea wapi. Nilifuata kila kitu."

Norris alikuwa amekwisha kunyanyuka. Akaburuta mguu mpaka mezani, akaitoa risasi moja mfukoni mwa fulana ya Idella, akaisimamisha. Kisha akachukua mkate mzima, ule wa boksi uliokuwa haujakatwa, akausimamisha kando yake. Kwa mkono wake wa kushoto akauminya mkate juu tu, kwenye ncha. Ncha ikanywea, chini ukabaki mnene kama ulivyo.

"Shingo," alisema. Neno lilitoka safi kabisa.

Halafu akaufungua mkono wote, akaukumbatia mkate kuanzia juu mpaka chini, akaubana mpaka ukapasuka.

"Yote," alisema.

Nikaona uso wa Idella ukibadilika. "Kalibu yako inabana shingo tu," alisema polepole. "Mwili inauacha. Mwili umebaki na umbo la bunduki yako."

Norris akaangua kilio. Au kicheko, mimi sikuweza kutofautisha, na nadhani hata yeye. Idella akamshika kichwa, akakibana kifuani kwake na fulana yake ile ya chungwa.

"Na mimi nikakupa jamu," alisema.

Jumatatu baada ya shule nikawapeleka dukani kwa Roxene Prewitt, maana kumpandisha Norris kwenye pikapu yao ndefu kulikuwa shughuli. Duka lile limebanwa kati ya posta na duka la dawa, na linauza ndoano, buti, bunduki, na peremende za mnanaa ambazo Roxene mwenyewe ndiye mlaji mkuu. Ana miaka sabini na moja. Mumewe alikuwa fundi bunduki, na alipofariki watu walidhani duka litafungwa, wakagundua kwamba nusu ya ufundi ulikuwa wa mke.

"Haya, amekuja fundi mkuu!" Roxene alisema mlango ulipofunguka. Alisoma darasa moja na Norris. "Umekuja kunifundisha tena? Ulinifundisha hesabu darasa la saba, nikafeli."

Norris akatafuta neno la kumjibu. "Kijiko," alisema.

"Hata mimi nakupenda. Kaa hapo, usinivunjie kabati."

Idella akaweka kwenye kaunta bunduki zote mbili, makomeo yameondolewa, na maganda: yale mawili aliyoyapiga yeye, na manne ya Norris. Akaeleza habari yote bila kujipendelea, pamoja na jamu. Roxene alicheka mpaka akatoa peremende mdomoni.

"Sasa sikiliza, mama," alisema akijifuta macho. "Hukuharibu kitu. Huyu mume wako kwa miaka thelathini ameshona suruali kwa kipimo chake mwenyewe. We umevaa, haikupandi. Kosa la nani?"

Akachukua kalipa, chombo cha kupimia unene, akapima ganda la Norris, akapima la Idella, akawaonyesha. Tofauti ilikuwa kama unene wa karatasi mbili. Idella hakuamini.

"Karatasi mbili ndizo zilizonikosesha nyama?"

"Karatasi mbili. Chuma hakina huruma kama unga."

Ukutani nyuma yake zilipangwa kalibu ndani ya maboksi yake, aina nyingi kuliko nilivyofikiria. Roxene akashusha nne, akazipanga kwenye kaunta.

"Hii ni kama ile ya kwenu, ya shingo tu. Ganda linarudi bunduki ileile lililotoka. Nyingine halitaki. Hii ya pili inabana mwili mzima, shingo, bega, mpaka karibu na kitako. Hii ya tatu inabana zaidi ya hapo, ni ya zile bunduki zinazojipakia zenyewe. We huna, iache. Na hii ya nne..." Aliigusa kwa kidole kana kwamba ni yai. "Hii ina vipete vya kubadilisha, unachagua shingo ikazwe kiasi gani. Ni ya wale wanaopiga karatasi kuanzia asubuhi mpaka jioni, halafu wanarudi nyumbani kubishana."

Idella akaiangalia ile ya nne. Mimi namjua. Ni mtu ambaye akinunua kisu hununua kilicho bora.

"Si hii ndiyo nzuri?"

"Ni nzuri sana. Unataka kuua karatasi?"

"Nataka kuua kulungu."

"Basi rudisha macho huku. Kwa mwaka unapiga risasi ngapi?"

"Kumi. Kumi na tano nikijaribu shabaha."

"Mama, nikikuuzia hiyo mume wangu atafufuka anizabe kofi."

Norris hapo akanyoosha mkono wa kushoto, akaivuta kalibu ya kwanza, ile ya shingo, akaigongagonga. Akajitahidi. Jasho likamtoka. "Ma... ganda," alisema. "Yanakufa."

Roxene akaacha utani. Alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja yeyote, labda na zaidi. "Ni kweli," alisema. "Anasema kweli, Idella. Ukilibana ganda lote kila mara, na ukalibana kupita kiasi, linachoka upesi. Linapasuka karibu na kitako, na hiyo ni hatari. Ndiyo maana yeye alichagua shingo tu. Maganda yake yanaishi kama kobe, na risasi tatu zinaingia tundu moja. Lakini Norris, tundu moja halilishi mtu kama komeo halifungi."

Norris akainamisha kichwa, akakubali.

"Dawa ipo. Usiiskrubu kalibu mpaka mwisho kama karatasi ya maelezo inavyosema. Shusha kidogo, bana ganda, jaribu kwenye bunduki. Shusha kidogo tena, jaribu. Komeo likifunga bila kubishana, simama hapo hapo, kaza nati. Jaribu kwenye ile iliyobana zaidi, maana hiyo ndiyo hakimu. Ikikubali hiyo, ile nyingine itakubali."

"Iliyobana ni yangu," alisema Idella.

"Ni yako."

Idella akafikiri. Akachukua boksi la pili, la mwili mzima, akaliweka upande wake. Kisha akaisogeza ile ya shingo kwa Norris, ingawa nyumbani anayo.

"Nitafanya hivi," alisema. "Nitanunua hii kwa ajili yangu. Yako itabaki mezani palepale ilipo, sitaigusa. Maganda yako kwenye kopo lako, yangu kwenye langu. Siku mkono ukirudi, utakuta kila kitu kama ulivyokiacha."

Nilidhani amesema jambo jema. Roxene naye, nafikiri. Lakini Norris akaanza kutikisa kichwa, kwanza kidogo, kisha sana. Akairudisha kalibu ya shingo kwa Roxene, akaisukuma mpaka upande wa pili wa kaunta. Akaweka kiganja juu ya boksi la pili.

"Moja," alisema.

"Moja nini, mzee wangu?"

Alihangaika muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia kutafuta, maana tulikuwa tumeshajua kwamba kumsaidia ni kumnyang'anya. Roxene aligeuka akajifanya anapanga peremende.

"Mi na we," Norris alisema mwishowe. "Sanduku moja."

Idella alitoa miwani akaifuta, na ilikuwa safi. "Haya," alisema. "Moja."

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo kila kitu kilinyooka. Jumapili iliyofuata saa nne asubuhi Idella alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ile ya kuita watoto mia. Ganda lilikuwa limekwama ndani ya kalibu mpya. Kalibu ya mwili mzima haisamehe kama ile ya shingo, ganda lazima lipakwe mafuta vizuri, nalo hili lilipakwa upande mmoja, upande wa pili kavu. Alivuta mpini kurudi, mpini ukagoma, akavuta kwa mwili wake wote, kitako cha ganda kikanyofoka ukingo. Mwili ukabaki ndani, umeng'ang'ania kama jino.

"Ndiyo kwanza ganda la tatu," alisema. "La tatu! Nimeua kalibu ambayo haijamaliza wiki."

Nilimpigia Roxene. Alifika na suti yake ya kanisani na sanduku la drili. Alishuka chumba cha chini, akaiondoa kalibu kwenye mashine, akaibana kwenye jiliwa. Akatoboa kitako cha ganda katikati, akakata hesi za kushika skrubu ndani yake, akaweka washa na bolti, akaanza kukaza kwa spana. Mzunguko mmoja. Wa pili. Tukasikia mlio kama kizibo cha chupa, na ganda likatoka zima. Akaimulika kalibu ndani kwa tochi.

"Haina hata mkwaruzo. Ganda ni laini, kalibu ni ngumu. Aliyeumia ni ganda na roho yako, basi."

"Nitakupikia..." Idella alianza.

"Hutanipikia kitu."

"Lakini umekatiza ibada. Kuna pai ya matunda ya mwitu huko juu, nimeitoa sasa hivi..."

"Idella." Roxene aliweka drili chini. "Kaa. Kaa hapo kwenye ndoo. Unajua mume wangu alipokufa watu waliniletea chakula miezi minne? Sikurudisha hata bakuli moja. Sikuwa na nguvu. Nilisema asante, basi. Na nikagundua kwamba neno lenyewe linatosha, ukiliacha lisimame peke yake. We hujaliacha lisimame hata siku moja. Unalisema na kulifunika kwa pai."

Idella akakaa kwenye ndoo. Alikuwa na grisi mpaka kwenye kope. Ilimchukua muda karibu sawa na ule ambao Norris hutumia kutafuta neno.

"Asante, Roxene," alisema.

"Haya. Sasa nimfundishe yule mzee kupaka mafuta. Mkono mmoja unatosha."

Na kweli ulitosha. Roxene alimwekea Norris kitambaa cha sufi kilicholoweshwa mafuta ndani ya kisahani, akamwonyesha namna ya kuviringisha ganda juu yake kwa kiganja, mizunguko mitatu, shingo aifute. Kuanzia siku ile ikawa ndiyo kazi yake. Norris akipaka, Idella akivuta mpini. Walishusha kalibu kidogo kidogo kama walivyoelekezwa, wakijaribu ganda tupu kwenye bunduki ya Idella kila mara, mpaka komeo likafunga kwa kidole kimoja. Norris mwenyewe ndiye aliyekaza nati, kwa kushoto.

Theluji ya kweli ilishuka wiki ya tatu ya Novemba. Jumatano, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, shule ilifungwa adhuhuri, na Idella akaendesha pikapu mpaka mwisho wa barabara ya msituni, Norris kando yake na chupa ya kahawa, bunduki zote mbili nyuma ya kiti. Ile ya Norris ilikwenda kwa sababu yeye aliielekezea kidole mpaka ikapakiwa. Idella alifikiri anataka tu kuwa nayo karibu.

Yaliyofuata alinisimulia yeye mwenyewe, na Norris akathibitisha kwa kichwa.

Alitembea nusu saa akifuata nyayo. Kwenye mteremko wenye barafu mguu ukateleza, akaanguka kifudifudi, na darubini ya bunduki yake ikagonga jiwe. Kioo kikapasuka, kishikio kikapinda. Aliketi pale kwenye theluji, akaona basi, msimu umekwisha. Akarudi kwenye pikapu akichechemea.

Norris alimwona anavyokuja. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshageuka, ameivuta bunduki yake kutoka nyuma ya kiti, ameitoa nje ya dirisha kwa mkono mmoja. Ni nzito ile.

"Chukua," alisema.

"Norris, hiyo ni yako."

"Chukua mkate!"

Akajisikia alivyosema. Wote wawili wakaangua kicheko, wakacheka mpaka Idella akashika kioo cha pembeni asianguke tena. Norris alikuwa anacheka bado ameishika bunduki nje ya dirisha, na Idella akaona kwamba hataishusha, ataishika mpaka mkono ukatike. Akaipokea.

Akaielekeza mdomo kwenye tuta la udongo, akatia risasi moja kati ya zile walizotengeneza pamoja. Komeo likafunga kama mlango wa nyumba inayokufahamu. Akaitoa, akairudisha mfukoni, akatembea tena na bunduki tupu.

Jike alikuwa amesimama pembeni ya miti, peke yake, anakwangua theluji kwa kwato kutafuta nyasi. Idella alipumzisha bunduki kwenye gogo. Alipiga mara moja. Alimkuta amelala hatua ishirini tu kutoka pale alipokuwa, amekwisha kufa, theluji ikitua manyoyani bila kuyeyuka. Idella aliniambia alivua glavu, akaweka mkono shingoni mwa yule mnyama, akasema asante kwa sauti, mara moja, bila kuongeza neno.

Kisha akanipigia simu. Nami nikampigia Roxene. Tulimburuta kulungu yule wanawake watatu, kwa sleji na kamba, tukapumzika kila hatua hamsini, Roxene akitutukana sote tangu msituni mpaka barabarani. Norris alikaa kwenye pikapu, akipiga honi kila baada ya dakika tano tujue njia ilipo.

Nyama ilikatwa jikoni kwa akina Kvamme siku mbili baada ya sikukuu, na friza likajaa. Norris alifunga vifurushi na kuandika tarehe kwa kushoto, herufi kama za mtoto wa chekechea. Tulikula figo na vitunguu, na zile chapati za viazi ambazo mapishi yake bibi yake Idella alikuja nayo kutoka Norwei, na hakuna aliyemrudishia mwenzake kitu.

Desemba, kwenye gazeti letu la kila wiki, ukurasa wa matangazo ya shukrani, lilitoka moja refu kuliko yote niliyowahi kuona pale. Idella alikuwa amewataja watu arobaini na mmoja kwa majina, na kila mmoja alicholeta tangu Machi: fulani kuni, fulani supu ya maharage, fulani aliyekaa na Norris siku ya kliniki, fulani aliyefyeka majani bila kuombwa akaondoka bila kubisha hodi. Nami nilikuwemo, kwa kuendesha na kwa karata. Hakukuwa na neno jingine la kupamba. Chini kabisa aliandika kwamba amechelewa kulisema hili, na kwamba anawaomba wasimletee vyombo, waipokee tu hiyo asante.

Mwaka huu risasi zimerudi madukani. Idella hajanunua hata boksi moja. Nilipopita juzi kumrudishia koleo, nilisikia sauti zao zikitoka chumba cha chini, yeye akihesabu kwa sauti, Norris akimsahihisha kwa namba zisizokuwa zenyewe, na mpini wa mashine ukipanda na kushuka.